Hadithi za Kabatini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mume wangu amerudi kutoka gereji asubuhi hii hii, mikono mitupu, rangi ya bluu kwenye nyusi. Kazi yake ni kupaka magari rangi, na pale kwao wanapaka uwanjani, juu yao anga tu. Mvua ikinyesha rangi haikauki, na rangi isipokauka hakuna malipo. "Ndiyo basi tena," akasema, akajitupa kitandani akaanza kutazama dari. Dari lenyewe hatuna, ni mabati.

Kwa hiyo riziki sasa inanitazama mimi. Tangu lifungwe lile duka la matangi ya maji nilikokuwa napokea simu, ninachouza ni hadithi za sayansi ya kubuni: sayari, vyombo vya anga, mashine zenye kiburi. Gazeti lililokuwa likizinunua limefuta ukurasa wake. Imebaki kampuni moja ya hadithi za kusikiliza kwenye simu, nao wanataka hadithi pamoja na sauti ya kuisoma. Nimewatumia moja leo. Nimeisoma mwenyewe.

Msimu huu ukiisha nataka kitu kimoja tu: mlango. Chumba chetu wenyewe, chenye mlango ambao mtu haufungui mpaka nimwambie fungua. Hapa tunaishi kwa Mama Mkwe "mpaka mambo yakae sawa", na Mama Mkwe huingia chumbani mwetu kama upepo. Anafungua, anapita, anachukua nguo yake kabatini, anasema, "Bado mmelala?" na kutoka. Mlango anauacha wazi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hakuna jibu.

Alhamisi, 6 Machi

Jibu limekuja kwa ujumbe wa sauti. Mnunuzi wa ile kampuni anaongea kama mtu anayekimbizwa, nami nimempa jina la Bwana Sekunde. "Dada, hadithi nzuri, nzuri sana. Ila sauti, samahani, unasoma kama unasoma bili ya maji. Halafu hapo nyuma kuna mtu anakaanga kitu?"

Hakuna aliyekuwa anakaanga. Ni mvua kwenye mabati.

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Nimemwambia acheke vizuri ashibe.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Mkwe alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni mpaka alipostaafu. Hata leo akiomba chumvi mezani unajikuta unatafuta mizigo yako. Mume wangu ndiye aliyesema, "Mpe mama asome." Nikakataa. Nimekaa nje barazani nikihesabu makosa ya yule mama, nikarudi ndani, nikafungua sufuria, nikaifunika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Viumbe wa wapi hawa?" akauliza, miwani puani.

"Wa mwezini, mama."

"Mwezini kuna watu?"

"Ni hadithi tu, mama."

"Haya. Nimewahi kutangaza treni ambazo hazikuwepo, sembuse hawa."

Tatizo lilikuwa mabati. Tulijaribu jikoni, tukajaribu chini ya meza, tukajaribu ndani ya gari la mteja ambalo mume wangu aliacha kulipaka katikati. Kote mvua ilitufuata. Mwishowe Mama Mkwe mwenyewe akaingia chumbani kwetu, akafungua kabati lake, akasukuma makoti na magauni huku na huku, akaingiza kigoda akaketi. "Funga," akasema.

Nikafunga. Nikaegemea milango kwa nje ili isifunguke, mume wangu akiwa kitandani anajizuia kucheka. Mvua ilikuwa inapiga kama ina deni na sisi, lakini kwenye simu, tulipokuja kusikiliza, palikuwa na sauti ya Mama Mkwe peke yake, karibu kabisa na sikio. Kabati ni la mbao nzito na nguo zake zinameza kelele zote. Mwanasayansi wangu alipoingia maabara, Mama Mkwe alimfanya awasalimie waliomo kwanza. Mimi sikuandika salamu, lakini nimeacha ipite.

Jumanne, 11 Machi

Imenunuliwa! "Huyu mama mmemtoa wapi?" anauliza Bwana Sekunde. "Tuma nyingine."

Ijumaa, 14 Machi

Leo nilikuwa nimevaa nusu, na nusu ya juu haikuwepo. Mlango ukafunguka. "Endelea, endelea, nachukua sweta tu. Mimi pia ni mwanamke." Akachukua sweta, akasimama, akatazama kitanda. Kingekaa vizuri zaidi ukuta wa pili, akasema. Kisha akatoka na mlango akauacha wazi, na sebuleni alikuwepo jirani amekuja kuazima ngazi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hilo nalijua. Lakini kamba hii imeanza kukaza.

Nimeandika hadithi kwa pumzi moja. Viumbe wanashuka kutoka angani msimu wa mvua. Hawaui mtu wala hawachomi mji. Wanaingia tu majumbani. Wanafungua milango bila neno, wanasogeza vitanda, wanauliza kwa nini watu bado wamelala. Wakiulizwa wao ni nani, wanajibu: "Dunia hii ilikuwa yetu kabla yenu." Nimeiita "Walioingia". Inatisha, na nimeiandika nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Kesho mwenyewe ataisoma kwa sauti yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nilishika milango ya kabati nikasubiri aumie.

Alianza vizuri. Chombo kikashuka, taa za mji zikazimika, viumbe wakafika kwenye nyumba ya kwanza. Hapo akanyamaza. Nikasikia karatasi inawekwa chini. Kisha ile sauti ya stesheni ikaendelea, taratibu, bila karatasi:

"Mkuu wao akasimama mlangoni. Akapiga hodi. Hodi ya kwanza, kimya. Hodi ya pili, kimya. Ya tatu, taa ya ndani ikazimwa. Akawaambia wenzake, tugeuze, hapa hawatutaki. Lakini chombo chao kilikuwa kimeishiwa nguvu, na pa kugeuzia hapakuwepo. Wakakaa barazani. Mvua ikawanyeshea mpaka asubuhi."

Nilifungua kabati kwa nguvu.

"Mama, hayo hayapo kwenye karatasi."

"Najua."

"Sasa mbona umeyasema?"

"Viumbe wametoka mbali kote huko, wamejenga chombo, akili wanatushinda. Watakosaje kujua hodi?" Alikuwa anajipepea kwa hadithi yangu. "Hodi ni tatu, mwanangu. Ya tatu usipojibiwa unageuza, hata kama ni kwa mtoto uliyemzaa."

Na hilo analisema akiwa amekaa ndani ya chumba changu! Nilitaka turudie, lakini simu ilikuwa inakata chaji na umeme ulikuwa umeondoka tangu asubuhi. Mume wangu akasema tuma hivyo hivyo. Nimetuma. Viumbe wangu wa kutisha wamegeuzwa maskini wa Mungu, na kwa hasira nimefua nguo zote, na hazitakauka.

Jumanne, 18 Machi

Bwana Sekunde anasema mama yake mzazi amelia. Anasema watu wanatumiana ile sehemu ya barazani. Wanataka mfululizo, kila wiki nyumba moja, mpaka mvua ziishe, na malipo yatapanda. Kwa malipo hayo mlango wangu unapatikana.

Wamesifu kila kitu ambacho sikukiandika. Nimefurahi na nimeudhika kwa pamoja, na kuudhika kumeshinda.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Viumbe wamefika kwa mwenye bucha. Hakuwafungulia.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Wamefika kwa mwalimu mkuu. Aliwajibu kupitia dirishani kwamba waje siku ya kazi. Hiyo nayo ni ya Mama Mkwe. Nilicheka, nikajikataza.

Jumatano, 2 Aprili

Dalali ametuonyesha chumba. Kiko chini kabisa kwenye jengo la ghorofa, juu ni zege tupu. Mvua ilikuwa inanyesha na ndani hatukuisikia. Mlango una kitasa kipya. Niliufungua na kuufunga mpaka dalali akauliza, "Dada, unapanga chumba au unanunua mlango?"

Siwezi kutulia. Nikikaa nasimama. Nikiandika sentensi nasikia Mama Mkwe akiibadilisha kabla sijaimaliza.

Jumanne, 8 Aprili

Leo tumegombana.

Nilimpa sehemu mpya. Ndani yake viumbe wamechoka kunyeshewa, wanavunja mlango. Nilitaka kuona kama hadithi hii bado ni yangu. Aliisoma kimya, akaikunja.

"Hii sisomi."

"Mama, hadithi ni yangu."

"Na sauti ni yangu." Hakupandisha hata kidogo. "Pale stesheni nilisoma nilichopewa mpaka nikazeeka. Treni haipo, nasema itachelewa kidogo. Watu wamelala sakafuni na watoto, nasema mnaombwa kuwa na subira. Hata pole sikuruhusiwa kuongeza. Siku moja niliiongeza, nikaitwa ofisini kama mwizi. Sasa nimestaafu. Nikiona mtu amesimama mlangoni, nitamsemea ninavyotaka."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza.

"Wewe unayewafundisha viumbe hodi, mbona mlango wetu sisi hujawahi kuupigia?"

Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, kwa hiyo lilisikika nyumba nzima. Mume wangu aliweka kikombe chini. Mama Mkwe alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya gauni.

"Tangazo limesikika," akasema, akaenda chumbani kwake.

Jumatano, 9 Aprili

Tulitoka kidogo kwenda dukani. Tuliporudi kabati lilikuwa tupu. Makoti, magauni, sweta, vyote vimehamishiwa kile chumba kidogo cha nyuma anacholala, vimetundikwa kwenye misumari na kurundikwa juu ya kiti.

Nikamwambia mume wangu, "Si afadhali? Kwani kabati angeliacha huku la nini?"

Akafunga milango ya kabati. "Kabati halipiti mlango wa kile chumba. Tulijaribu kabla hatujahamia, mimi na jirani, tukachubua fremu. Akasema liacheni, nitakuwa naingia kuchukua nguo."

"Kwani zamani alikuwa analala wapi?"

"Hapa. Hiki ni chumba chake."

"Si aliniambia chumba kikubwa kina upepo, halali vizuri?"

"Nawe ukaamini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema mwanamke akijua amepewa kitanda cha mkwe wake hatapata usingizi."

Nimelala juu ya hicho kitanda miezi yote hii nikimnung'unikia mwenye kitanda. Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jumamosi, 12 Aprili

Sehemu ya wiki nimeisoma mwenyewe, ndani ya kabati. Bila nguo linavuma kama debe. Bwana Sekunde: "Dada, huyu si yule. Na mbona uko kisimani?" Hawakuinunua. Amenipa mpaka Jumapili ijayo, la sivyo watatafuta mfululizo mwingine.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Mama Mkwe ananisalimia, namsalimia. Chakula kinapakuliwa, asante, karibu, asante. Ni adabu ya kutosha kumgandisha mtu. Chumbani kwetu haingii tena. Akitaka kitu anasimama sebuleni na kumwita mwanawe kwa jina, kwa sauti, kama abiria aliyepotea.

Mlango niliokuwa nautaka ndio huu nimeupata bure. Sijui kwa nini haunikalii vizuri.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimesimama mbele ya chumba kidogo na karatasi mkononi. Fremu ya mlango kweli imechubuka.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Mkwe wako, mama."

"Mkwe wangu hajui hodi. Huwa anaingia kuchukua pasi."

Ni kweli. Pasi hukaa humo. Sikujua nicheke au nilie.

"Hodi, mama," nikasema tena.

Akaniacha hapo, nami nikasimama. Nikapiga ya tatu, na sauti ikanitoka nyembamba. Nilikuwa nimeshaanza kugeuka aliposema, "Karibu."

Nikampa ile sehemu. Viumbe wako kwenye baraza ya mwanamke anayeishi peke yake. Anafungua mlango nusu, anawauliza: "Mnataka nini kwangu?" Halafu nimeacha nafasi tupu, nusu ukurasa.

"Hapa pana nini?" akauliza.

"Hapo utasema wewe. Mimi sijui wanataka nini."

Alisoma tena. Alisogeza magauni kutoka kwenye kiti ili niketi, kisha akaona hakuna pa kuyaweka, akayapakata. "Na mimi nilikosea," akasema bila kunitazama. "Nyumba ukiishi nayo muda mrefu unaona milango yote ni yako."

"Ni yako, mama."

"Ni ya aliyelala ndani."

Tumerekodi alasiri. Alibeba nguo zake mikononi, akazitundika kabatini, akaingia. Mwanamke alipouliza mnataka nini kwangu, nilimsikia Mama Mkwe akiikunja karatasi. Kisha: "Mkuu wa viumbe akasema, hatutaki kitu. Tumetoka mbali, na kwetu hakuna tena anayetuuliza tumefikaje." Nilibana midomo ili kwikwi isiingie kwenye simu.

Alipomaliza akazitundua nguo zake zote, akarudi nazo chumba kidogo. Nilimwambia aziache. "Hapana," akasema. "Tumeelewana, lakini na utaratibu ni utaratibu."

Jumatatu, 21 Aprili

Imenunuliwa, na bei imepanda tena.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumelipia chumba cha zege. Mama Mkwe tumemwambia mezani. "Hongereni," akasema. "Mvua haisikiki?" Haisikiki, tukasema. Akaendelea kula.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Kurekodi. Nguo zimeingia, nguo zimetoka.

Jumamosi, 10 Mei

Tumehama. Mume wangu amenunua kabati la bei poa. Tumetundika nguo zetu na bado kuna nafasi ya kulaza mtu. Nimefunga mlango. Nimeketi nikautazama.

Jumanne, 13 Mei

Haufunguliwi na mtu. Kimya chote nilichokuwa nakiomba kiko hapa, na sijaandika hata mstari. Natembea kutoka dirishani mpaka kitandani na kurudi. Mpango ulikuwa Mama Mkwe aje arekodi sehemu ya mwisho huku. Nikimpigia anasema mvua. Mume wangu anasema amemwambia hivi: "Kwa mkwe mtu haendi ovyo ovyo." Ningekwenda mwenyewe kumchukua, ila kiburi bado kimenikaa shingoni, nacho hakina haraka ya kushuka.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwandikia meseji: "Mama, njoo." Hajajibu. Bwana Sekunde anataka kazi Jumamosi jioni.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua kubwa kuliko zote za msimu, naiona tu dirishani. Mume wangu alikuwa ametoka kutafuta pa kuchajia simu yake. Nikaamua nisome mwenyewe, liwalo na liwe. Niliingia kwenye kabati jipya, nikajifunika blanketi, nikavaa hedifoni nisikilize kwanza ile sehemu ya barazani, angalau niige mwendo wake.

"Akapiga hodi," ikasema sauti masikioni. "Hodi ya kwanza..."

Nikasikia hodi. Nikasikia nyingine. Nikawaza, ama kweli mama huyu anajua kusoma, utadhani yupo mlangoni. Kisha sehemu ikaisha, simu ikanyamaza, na hodi ikaja tena.

Ya tatu.

Nilitoka kabatini na blanketi mguuni, nikaanguka, nikainuka. Mlango wangu mzuri wenye kitasa kipya ukakataa, maana nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo na ufunguo sikukumbuka nimeuweka wapi. Ulikuwa mezani. Nilipofungua, kwenye korido hapakuwa na mtu, maji tu sakafuni na alama za viatu zimegeuka. Nikakimbia peku, blanketi mabegani, mpaka getini. Alikuwa ameshavuka mtaro, mwavuli umepinduka, mkono mmoja umekumbatia furushi lililofungwa kwenye nailoni.

"Mama! Karibu! Karibu!"

Akageuka. Maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni.

"Nimepiga tatu."

"Nimeitambua ya tatu tu, mama. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Alinitazama miguuni, akatazama blanketi, akaelewa au hakuelewa, sijui. Nilipokea furushi. Lilikuwa zito. Yalikuwa makoti yake, magauni, sweta.

"Kabati lenu halina nguo za kutosha," akasema. "Litavuma. Nimeona niyalete yakae huku."

"Yakae kabisa?"

"Nitakuwa nakuja kuyachukua, moja moja."

Nililia pale pale barabarani, mbele ya mlinzi wa getini, wala sikujali. Nikamwambia ukija kuchukua nguo zako hodi ya nini, mama, ufunguo nitakupa, utaingia tu.

"Hodi nitapiga," akasema, akinisukuma tuingie ndani. "Wewe jifunze kujibu mapema."